Kiwanda Kimoja, Mashamba Mengi

Katika vilima vya Mponde, eneo la Bumbuli wilayani Lushoto, mkulima mdogo wa chai huchuma majani mawili pamoja na chipukizi lake, huyajaza kapuni, kisha huyapeleka kupimwa. Kazi yake juu ya majani hayo huishia hapo. Hajengi tanuri nyuma ya nyumba yake wala hanunui mashine ya kusagia. Majani ya mamia ya mashamba hukusanywa kiwandani, na humo hunyaushwa, husagwa, huachwa yachachuke, hukaushwa kwa hewa ya moto, kisha huchekechwa na kupangwa kwa madaraja. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kazi hiyo haina budi kufanywa upesi, kwani jani lililochumwa halingoji. Likirundikwa hupata joto na kuharibika.

Hakuna amwonaye mkulima huyo kuwa mvivu au asiyejitegemea kwa sababu hakausagi mzigo wake mwenyewe. Kila mtu anaelewa kwamba mitambo mia moja midogo, kila mmoja ukirudia kazi ile ile kwa kuni zake na kwa makosa yake, ingekuwa hasara tupu. Hata hivyo, katika vyumba vya kompyuta vya shule nyingi za sekondari, hasara ya namna hiyo hutendeka pasipo mtu kuitambua. Kompyuta ishirini zilizo sawa huachwa kila moja ijitafutie programu zake kutoka mbali. Na pale walipo mafundi au wanafunzi wenye ari, wapo wanaoamini kwamba njia iliyo bora ni kila kompyuta kujijengea programu zake upya tangu mwanzo. Imani hiyo yastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna ukweli na mna kosa pia.

Programu hujengwaje?

Programu ya kompyuta huanza ikiwa maandishi. Mtaalamu huandika maagizo kwa lugha ambayo binadamu mwenzake aweza kuisoma, mathalani lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Prosesa, ambayo ndiyo kitovu cha kompyuta, haiwezi kuyatekeleza yakiwa katika hali hiyo. Prosesa hufuata maagizo yaliyoandikwa kwa mfululizo wa 0 na 1, na kila jamii ya prosesa ina maagizo yake. Kwa hiyo huhitajika programu nyingine, iitwayo kompaila, inayosoma msimbo chanzo na kuugeuza kuwa maagizo ya mashine. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa kujenga programu. Msimbo chanzo ni jani bichi. Programu tendaji ni chai kavu.

Programu fupi ya mwanafunzi hujengwa kwa sekunde moja au mbili. Lakini programu kubwa za kazi ni jambo jingine. LibreOffice, inayotumika kuandikia barua na kutengenezea majedwali ya hesabu, ina mamilioni ya mistari ya msimbo. Kompyuta ya kawaida huweza kutumia saa kadhaa kuijenga, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo huweza kushindwa kabisa katikati ya safari.

Ndiyo maana wataalamu walibuni utaratibu wa vifurushi. Programu ikishajengwa, faili zake hukusanywa pamoja na maelezo yanayotaja toleo lake, aina ya prosesa iliyokusudiwa, mahali kila faili inapopaswa kuwekwa, na programu nyingine zinazohitajika ili hiyo ifanye kazi. Vifurushi huhifadhiwa katika ghala, na kompyuta yoyote inayolingana navyo huweza kuvichukua na kuvitumia mara moja. Mfumo wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni miongoni mwa mifumo iliyoueneza utaratibu huo duniani.

Hesabu ya kazi inayorudiwa

Ichukuliwe mfano wa shule yenye kompyuta 20 za aina moja. Ikadiriwe kwamba kujenga programu moja kubwa huchukua saa 4, na kwamba kompyuta inayofanya kazi hiyo hutumia wati 100. Kila kompyuta ikijijengea, saa za kazi ni 20 mara 4, yaani saa 80, na umeme utakaotumika ni uniti 8. Ikijengwa katika kompyuta moja tu, saa ni 4 na umeme ni sehemu 4 za kumi za uniti moja. Tofauti ni mara ishirini, na kinachopatikana mwishoni ni kile kile.

Kazi inayobaki ni kugawa. Kifurushi kikiwa na megabaiti 250, na waya wa mtandao wa ndani ya chumba ukipitisha megabiti 100 kwa sekunde, basi kwa kuwa baiti moja ni biti 8, kompyuta moja itapokea kifurushi chote kwa sekunde 20. Kompyuta zote 20, zikipokea moja baada ya nyingine, zitamaliza katika muda usiofika dakika 7. Kwa vitendo muda huo huongezeka kidogo, lakini ungali mdogo mno ukilinganishwa na saa 80.

Hesabu hiyo hiyo huhusu pia kompyuta zinazochukua vifurushi vilivyo tayari kutoka ng'ambo. Kompyuta 20 zikivuta kila moja megabaiti 250 kupitia intaneti, shule italipia gigabaiti 5 kwa programu ambayo ingevutwa mara moja tu, ikawekwa katika kompyuta iliyoteuliwa kuwa ghala, na nyingine 19 zikachota humo bila gharama. Ni kweli kwamba hali imekuwa nafuu tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, kwani kabla ya hapo sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ilipita katika setilaiti kwa gharama kubwa. Lakini shule ya mlimani inayonunua kifurushi cha data kwa fedha iliyochangwa bado haina megabaiti za kupoteza. Mwalimu wa hisabati aweza kuifanya hesabu hii kuwa zoezi la darasani, kwa tarakimu za chumba cha kompyuta cha shule yake mwenyewe.

Mfano uliotoka nyumbani

Utaratibu huu si mgeni katika Tanzania. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa kutafsiri programu huria katika Kiswahili, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo orodha zake za amri zilikuwa katika Kiswahili. Kazi kubwa ya kutafuta istilahi, kuzipatanisha na kuzipachika katika programu ilifanywa mara moja, mahali pamoja, na watu wenye ujuzi. Karani au mwalimu aliyetaka kuitumia hakuambiwa atafute kompaila na kungoja saa nyingi. Alipokea programu ikiwa imekwisha kujengwa. Kama sharti lingekuwa kila mtumiaji aijenge mwenyewe, Kiswahili kingebaki ndani ya kompyuta za wataalamu wachache tu.

Na hata mahali ambapo desturi ya kujijengea ilikuwa ndiyo fahari yenyewe, mawazo yamebadilika. Mfumo wa Gentoo, ulioanza kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulijulikana duniani kwa jambo moja: mtumiaji hujenga karibu kila programu katika kompyuta yake, kwa namna aipendayo. Mwezi Desemba 2023, viongozi wa mfumo huo walitangaza kwamba wataweka pia vifurushi vilivyo tayari kwa ajili ya aina mbili za prosesa zinazotumika sana. Hawakuondoa haki ya kujijengea. Walitambua tu kwamba si kila mashine, wala si kila siku, inayofaa kwa kazi hiyo.

Hoja za wanaopinga

Wanaotetea kila kompyuta ijijengee hutoa hoja tatu, na zote zastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni ya kasi. Husemwa kwamba programu iliyojengwa kwa ajili ya prosesa fulani huitumia prosesa hiyo vizuri zaidi. Hilo ni kweli, hasa kwa kazi nzito za hesabu na picha. Kwa kazi ya kuandika barua mtumiaji ni nadra kuona tofauti. Lakini ukweli huo una upande wa pili ambao kila mwalimu wa kompyuta anapaswa kuufahamu. Prosesa mpya hupewa maagizo ambayo za zamani hazina. Mathalani, kundi la maagizo liitwalo AVX2 liliingia katika prosesa za Intel mwaka 2013. Programu iliyojengwa ili iyatumie maagizo hayo, ikipelekwa katika kompyuta ya mwaka 2009, itakatika ghafla, kwa kuwa prosesa itakuwa imepewa amri isiyoijua. Kwa hiyo anayejenga kwa ajili ya wengi hana budi kuanza kwa kujiuliza ni kompyuta ipi iliyo dhaifu kuliko zote, kisha ajenge kwa kipimo cha hiyo. Msafara huenda kwa mwendo wa aliye nyuma.

Hoja ya pili ni ya uaminifu. Anayekula chakula kilichopikwa na mwingine hana budi kumwamini mpishi. Mwaka 1984, Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alichapisha mhadhara mashuhuri alioonyesha ndani yake kwamba kompaila yenyewe huweza kutiwa hila, ikapandikiza mlango wa siri katika programu ambayo msimbo chanzo wake hauna dosari yoyote. Kwa maneno mengine, hata anayejijengea anamwamini mtu, yaani yule aliyemtengenezea kompaila.

Onyo hilo lilipata nguvu mpya mwezi Machi 2024. Iligunduliwa kwamba matoleo mawili ya XZ, programu ndogo ya kubana faili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, yalikuwa na mlango wa siri. Hila hiyo ilifichwa katika fungu la msimbo chanzo lililotolewa kwa wajenzi wa vifurushi. Aliyeigundua, mhandisi Andres Freund, alianza kwa kuona jambo dogo: kuingia katika kompyuta kutoka mbali kulichelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Wengine wangelipuuza. Yeye alipima, akauliza kwa nini, akafuata dalili mpaka akafika kwenye chanzo chake, na hatari ikazuiwa kabla haijaenea katika mifumo iliyo mingi. Mwanafunzi wa fizikia aliyefundishwa kutoidharau tofauti ndogo kati ya vipimo viwili ataelewa mara moja thamani ya tabia hiyo.

Dawa ya tatizo la uaminifu, basi, ni ukaguzi. Ghala lililo bora hutoa orodha ya vifurushi vyake ikiwa imetiwa saini ya kidijiti, na katika orodha hiyo kila kifurushi huwa na muhtasari wake wa tarakimu. Muhtasari uitwao SHA-256 una alama 64, na biti moja tu ikibadilishwa ndani ya kifurushi, muhtasari wake huwa mwingine kabisa. Kompyuta inayopokea hukokotoa muhtasari upya na kuulinganisha na ule ulio katika orodha; usipolingana, kifurushi hukataliwa. Shule ambazo programu hupitishwa kutoka mkono hadi mkono kwa flashi ndizo zinazouhitaji ukaguzi huo kuliko zote.

Ipo pia hatua ya juu zaidi. Tangu mwaka 2013, wataalamu wa Debian, na baadaye wa mifumo mingine, wamekuwa wakifanya kazi ili wajenzi wawili wasiojuana, wakianza na msimbo mmoja na zana zile zile, wapate faili zinazofanana biti kwa biti. Hiyo ndiyo kanuni ya sayansi yenyewe: jaribio linaaminika pale mtu mwingine, katika maabara nyingine, anapolirudia na kupata tokeo lile lile. Anayetumia kifurushi hahitaji kulirudia jaribio kila siku. Inatosha kwamba wapo wanaoweza kulirudia, na kwamba hulirudia kweli.

Maana ya kujitegemea

Hoja ya tatu ndiyo iliyo nzito kuliko zote, nayo ni hoja ya kujitegemea. Husemwa kwamba anayepokea programu zilizojengwa na wengine huzoea kupokea, na mwishowe husahau kujenga. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hapa historia ya Mponde inarudi, ikiwa na fundisho chungu.

Mwaka 2013 kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa kutokana na mgogoro baina ya wakulima na mwekezaji. Mvua haikuacha kunyesha Usambara kwa sababu hiyo, wala michai haikuacha kuchipua. Lakini majani yalikosa pa kwenda, mashamba mengi yakaachwa yakawa vichaka, na kaya zilizotegemea chai zikapoteza kipato kwa miaka kadhaa. Baadaye serikali ilikirudisha kiwanda mikononi mwake, na mifuko ya PSSSF na WCF ikachukua jukumu la kukifufua. Mkulima hakuwa na kosa kwa kutokuwa na tanuri nyumbani. Kilichomwumiza ni kutegemea mlango mmoja tu ambao yeye hakuwa na ufunguo wake.

Katika ulimwengu wa vifurushi mlango kama huo umekwisha kufungwa pia. Mwezi Agosti 2025 lilitoka toleo la 13 la Debian, na katika toleo hilo hapakuwa tena na mfumo kamili wa kusimika katika kompyuta za biti 32 za jamii ya Intel. Uamuzi huo una sababu za msingi, kwani kompyuta hizo ni za zamani na wanaozishughulikia wamepungua. Lakini kompyuta nyingi kuukuu zilizofika Afrika Mashariki kwa njia ya misaada zilikuwa za kizazi hicho. Shule iliyo na kompyuta za namna hiyo haikuulizwa, na haikuwa na sababu ya kuulizwa, kwa kuwa haikuwa miongoni mwa wanaojenga. Anayejenga ndiye anayeamua ni mashine ipi itaendelea kuishi.

Je, jibu ni kurudi nyuma, kila kompyuta ijijengee? La hasha. Huko kungekuwa sawa na kumwambia mkulima wa Mponde anunue mashine ya kusagia chai. Jibu ni kuwa na viwanda vya nyumbani vinavyoweza kujenga pindi haja inapotokea, na kuhakikisha kwamba jani bichi, yaani msimbo chanzo, linapatikana daima. Kwa bahati njema, sheria za programu huria zinasaidia. Leseni ya GNU GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, humtaka kila anayegawa programu tendaji amwezeshe mpokeaji kupata msimbo chanzo wake. Haki hiyo ipo kwenye karatasi. Haina faida kwa nchi ambayo haina mtu wa kuitumia.

Kwa hiyo mambo matatu yafaa kufanywa, na hakuna lililo nje ya uwezo. La kwanza, kila shule yenye chumba cha kompyuta iteue kompyuta moja iwe ghala la vifurushi vilivyokaguliwa, na nyingine zote zichote humo. Shule jirani zaweza kushirikiana ghala moja, kama mashamba yanavyoshirikiana kituo cha kupimia majani. La pili, vyuo vikuu na vyuo vya ufundi vichukue wajibu wa kujenga na kugawa vifurushi vinavyohitajiwa na shule ambazo wajenzi wa ng'ambo wamekwisha kuzisahau, zikiwamo programu za Kiswahili na zile za kompyuta kuukuu. La tatu, kila mwanafunzi wa somo la kompyuta ajenge kwa mkono wake, walau mara moja kabla ya kumaliza shule, programu moja kutoka msimbo chanzo hadi kifurushi, kisha aipeleke katika kompyuta ya mwenzake na kuiona ikifanya kazi. Hatafanya hivyo kwa kila programu atakayoitumia maishani. Atafanya hivyo ili ajue kinachotendeka kiwandani.

Mtoto wa mkulima wa Mponde hahitaji kusindika chai nyumbani ili aijue thamani ya chai. Lakini siku kiwanda kinapozimika, kijiji chenye mtu mmoja anayejua namna mtambo unavyofanya kazi kina tumaini ambalo kijiji kingine hakina. Taifa linalotumia kompyuta linahitaji watu wa namna hiyo, na mahali pa kuwaandaa ni darasani, wakati kiwanda kingali kinafanya kazi.